Kidole cha Wifi

Sehemu ya tisa

Nyekundu!

Naam, taa iliwaka nyekundu. Wiki jana niliwaacha na Mama Pacha kidole kikiwa juu ya kioo cha mashine, na baadhi yenu mmeniandikia maneno ambayo mhariri ameona haya kunisomea. Haya, pokeeni jibu lenu. Mashine ililia pii, ikawaka nyekundu, na kwenye kidirisha chake kidogo yakatokea maneno mawili: Hakuna mtu.

"Jaribu cha pili," akasema Afisa Kazi.

Mama Pacha akaweka cha pili. Nyekundu. Cha tatu, nyekundu. Akahamia mkono wa kushoto, akavimaliza vyote kumi, gumba kwa gumba, na mashine ikamkana kila mara.

"Hakuna mtu," Afisa Kazi akasoma kwa sauti, akamtazama yule mwanamke aliyesimama mbele yake na aproni yake yenye madoa meusi. "Lakini mtu ninamwona."

Kwa aliyeingia leo, nitasema upesi. Mama Pacha ni mbanguaji wa korosho. Miaka tisa amekalia benchi moja, anaweka korosho juu ya kipande cha chuma, anaigonga kwa nyundo ya mti, ganda linapasuka, kiini kinatoka kizima. Kikivunjika, ni ugomvi na msimamizi. Ndani ya lile ganda mna mafuta meusi yanayokula ngozi. Wabanguaji hujipaka majivu na mafuta ya nyonyo, lakini wapi! Yanaungua leo, yanababuka kesho, mpaka ncha za vidole zinabaki laini kama kigae. Ile mistari ambayo kila binadamu amezaliwa nayo, Mama Pacha hanayo tena.

Na sheria mpya ya kazi ndiyo hiyo imeingia. Kibarua yeyote ambaye rejista inaonyesha amefanya kazi miezi kumi na miwili mfululizo, huyo si kibarua tena. Ni mfanyakazi wa kudumu, mwenye matibabu na likizo, na haki ya kutofukuzwa eti kwa sababu bosi kaamka vibaya. Leo ndiyo siku ya uhakiki. Jina lisilohakikiwa leo linafutwa, na mwenye jina anaanza upya kama mtu aliyefika getini asubuhi hii kuomba kazi.

Rejista ya kiwanda hiki ni ile mashine ya vidole. Hakuna daftari la mahudhurio.

"Sasa mama," Afisa Kazi akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imemshuka puani, jalada la sheria kwapani. "Mashine hii ina miaka mitatu. Namba arobaini na saba ni yako. Kila asubuhi kuna kidole kimewekwa kwenye namba yako, na si chako. Ni cha nani?"

Jibu Mama Pacha analo, liko ncha ya ulimi.

Ni cha wifi yake. Dada wa mumewe, ambaye kiwanda kizima siku hizi kinamwita Wifi tu, hata wasio na undugu naye. Wifi yuko chumba cha kufungashia, anatia korosho zilizokwisha safishwa kwenye mifuko. Hagusi ganda. Ana mikono ya bibi harusi.

Siku mashine ilipoletwa, tangazo lilikuwa moja: asiyesomwa hana kazi. Wabanguaji kumi na mmoja hawakusomwa. Mama Pacha ndiye aliyemfuata wifi yake jioni ile, akamshika magoti. "Tuazime kidole, wifi yangu. Kidole tu." Wifi akacheka, akadhani utani. Kesho yake wakasongamana mlangoni, mmoja anabonyeza namba yake, mkono wa Wifi unapenya katikati ya mabega, kidole cha shahada cha kulia, taa ya kijani, anayefuata. Ikawa ndiyo desturi yao ya kila asubuhi kwa miaka mitatu. Walikuwa wakitaniana kwamba kidole kimoja kimeoa wake kumi na mmoja na hakijasikika kikilalamika.

Leo hakuna aliyekuwa na utani.

"Nimekuuliza, mama."

"Afisa, mashine ni mbovu!"

Mama Pacha aligeuka. Hamtaamini nani aliyesema. Dakika! Msimamizi, yule yule anayesimama mlango wa choo na saa mkononi, ambaye wanawake hao wamemlaani mpaka wamechoka. Leo anawatetea?

Msimwonee huruma. Dakika alikuwa ameuona ule mkono wa Wifi kila asubuhi kwa miaka mitatu, akanyamaza, kwa sababu angewarudisha nyumbani wabanguaji kumi na mmoja asingefikisha kilo zake. Jasho lililokuwa likimtoka lilikuwa la kujihofia mwenyewe.

"Mbovu kabisa," akarudia. "Hata mimi asubuhi ilinigomea."

Mama Pacha akavuta pumzi. Kumbe pana mlango!

Mlango ukafungwa papo hapo. Mkurugenzi, ambaye muda wote alikuwa amekaa kwenye kona akinywa maji kwa utaratibu, akafungua droo akatoa karatasi moja. Mtu mpole yule. Miaka tisa Mama Pacha hajawahi kumsikia akipaza sauti.

"Sidhani ni mbovu," akasema. "Nimemwomba fundi wake asubuhi hii aiulize swali moja. Kuna vidole vinavyofanana? Imejibu. Kidole kimoja, kwenye namba kumi na mbili tofauti." Akaisukuma karatasi mezani. "Kidole kimoja ni mtu mmoja, afisa. Hao wengine kumi na mmoja ni hewa. Mimi ndiye niliyeibiwa."

"Hewa?" Mama Pacha alisikia sauti yake mwenyewe, imepanda bila kumwomba ruhusa. "Hewa inabangua korosho? Hewa ndiyo iliyokujengea ghala la pili?"

"Taratibu, mama."

"Miaka tisa!"

"Rejista haionyeshi hata siku moja," Mkurugenzi akasema, na kwa kweli alionekana kusikitika. Kisha akamgeukia Dakika. "Kabla ya chakula cha mchana, wote wa chumba cha kufungashia, wenye vidole vizima, wapite hapa, mmoja mmoja. Kidole hicho kinajulikana kwa dakika tano. Mwenyewe ataeleza polisi."

Polisi! Nyuma ya Mama Pacha, mlangoni, alikuwa amesimama Shangazi, mbanguaji mkongwe kuliko wote, anayesubiri zamu yake ya kuambiwa hakuna mtu. Mama Pacha akajifanya anakohoa, akainama kuelekea sikio la bibi yule.

"Kimbia chini," akanong'ona. "Mwambie wifi wanamtafuta. Afanye lolote, kidole chake kisisomwe leo. Lolote, Shangazi!"

Shangazi hakuuliza. Akatoka.

Kumbukeni neno hilo, wasomaji. Mama Pacha mwenyewe hatalisahau mpaka anaingia kaburini.

Afisa Kazi alikuwa hajaitazama ile karatasi. Alikuwa akitazama mikono. Mama Pacha alikuwa ameitandaza juu ya meza bila kujua, viganja juu, na ilikuwa na mabaka meusi, mekundu na meupe, mapya na ya zamani.

"Hii imeunguzwa na nini?"

"Na kazi, mama. Na mafuta ya maganda."

"Kiwanda kina nesi?"

"Kipo chumba cha huduma ya kwanza," Mkurugenzi akajibu polepole.

"Basi kuna daftari la matibabu." Afisa Kazi akaivua miwani. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi macho yake yalichangamka. "Kama daftari linaonyesha mtu huyu ameungulia kazini mwezi huu, na mwezi uliopita, na mwaka jana, basi alikuwa kazini. Sihitaji kidole. Mwiteni Nesi aje na daftari!"

Mama Pacha alipajua pale kwa Nesi kama chumba chake cha kulala. Hakukosa kufungwa bandeji hata mwezi mmoja. Daftari lile limejaa namba arobaini na saba!

Nesi akaja, binti mwembamba, daftari kalikumbatia kifuani. Hakumtazama mtu. Akaliweka mezani, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Afisa Kazi akafungua. "Namba arobaini na saba, kuungua mkono wa kulia." Akageuza ukurasa. "Arobaini na saba tena. Tena. Vizuri sana. Na hapa pameandikwa chanzo cha..."

Akageuza kurasa tatu, nne, kumi kwa mpigo.

"Moto wa jikoni," akasoma. "Moto wa jikoni. Sufuria ya chai. Moto wa jikoni. Mafuta ya kukaangia. Moto wa jikoni."

Mama Pacha alifumba macho.

Hapo ndipo akili zilipomrudia, na zikamrudia kwa kishindo. Kiwandani, aliyeungulia kazini hurudishwa nyumbani "akapumzike mpaka apone", na kupumzika huko hakuna malipo. Nani wa kupumzika wiki mbili na watoto wale mawe? Ndipo wabanguaji wakakubaliana, wote kwa kauli moja, kwamba kila ukiungua umeungulia kwako. Walimfundisha hivyo kila mgeni siku ya kwanza, kabla hata ya kumwonyesha choo. Sema jikoni. Wakajiona wajanja.

"Waliniomba wenyewe," Nesi akasema, na machozi yakamtoka. "Walinisihi. Nami nikawaonea huruma, nikaandika."

"Wapishi wazembe hawa," Mkurugenzi akasema, akamimina maji mengine.

Jamani! Ningekuwa mimi ningemwagia. Mama Pacha hakufanya chochote. Alisimama tu, mikono bado juu ya meza, akaona aibu ya kuionyesha, akaificha chini ya aproni.

Afisa Kazi akalifungua lile jalada la sheria. Alikaa muda mrefu akipekua, akilowesha kidole kwa ulimi kila ukurasa. Dakika akatazama saa. Mkurugenzi akatazama dirishani. Hatimaye afisa akagonga ukurasa kwa kalamu.

"Hapa," akasema. "Sikilizeni wote. Mtu aliyeshiriki kuharibu rejista, akajitokeza mwenyewe kabla uhakiki haujafungwa, akasema ukweli mbele ya afisa kazi, hashtakiwi. Wala haendi polisi." Akainua uso. "Na akizifungua hizo namba mbele yangu kwa kidole chake, moja baada ya nyingine, nami nitaandika kwamba alikuwa akiwaandikisha watu waliokuwepo. Siku zote hizo nitazihesabu ni zenu. Wote kumi na mmoja."

Glasi ya Mkurugenzi ikasimama nusu ya njia. Lile tabasamu la upole likamtoka.

"Hiyo ni tafsiri yako," akasema.

"Ni saini yangu," Afisa Kazi akajibu. "Na ninao muda mpaka saa sita. Mama, mwenye kidole unamjua. Nenda kamlete."

Mama Pacha hakuaga. Aliruka ngazi mbili mbili, aproni mkononi, akapita kwenye trei za kukaushia, akapita mbele ya wenzake kwenye mabenchi. "Tumepona!" akawapigia kelele. "Tumepona, jamani!" Nyundo zote zikanyamaza. Mmoja akaanza kupiga vigelegele kabla hata hajajua tumepona nini.

Chumba cha kufungashia. Kiti cha Wifi kitupu.

"Yuko wapi?"

"Katoka na Shangazi," akasema mmoja wa wafungashaji. "Kuelekea nyuma, kwenye tanuru."

Nyuma ya tanuru ndiko yanakochujwa yale mafuta ya maganda. Hutiririka kwenye pipa yakiwa bado ya moto, meusi, yakisubiri lori la watu wa rangi na vanishi.

Mama Pacha akaingia mbio, akasimama ghafla.

Wifi alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye tofali, uso umekuwa wa kijivu. Shangazi alikuwa amepiga magoti akimshikilia kichwa, analia kwa sauti. Mkono wa kulia wa Wifi ulikuwa umelala juu ya paja lake, mweusi mpaka kwenye kifundo.

"Nilimwambia ajifiche tu!" Shangazi akapiga kelele. "Nikamwambia, mwanangu, tutakuingiza ghalani nyuma ya magunia. Akasema watamtafuta kesho. Nikageuka kuangalia mlango, kugeuka tena, tayari!"

Wifi akafumbua macho. Alipomwona ni nani, akatabasamu. Alitabasamu, wasomaji wangu, meno yakigongana kwa maumivu.

"Hawanipati tena, wifi," akasema. "Si ulisema nifanye lolote? Nimefanya."

Mama Pacha alimbeba mpaka kwenye bomba, akafungulia maji, akautia mkono chini yake, na huku nyuma bado vile vigelegele vilikuwa vikisikika.

"Mbona unalia wewe? Aliyeungua ni mimi."

"Nyamaza, wifi. Nyamaza."

Alipanda naye ngazi vile vile. Angefanya nini? Wabanguaji wakaacha mabenchi wakawafuata, kumi kwa hesabu, Shangazi akiwa wa mwisho. Wifi alipofahamishwa njiani ile saini ya juu ilikuwa inangoja nini, alisimama ngazi ya katikati, akautazama mkono wake. Akaendelea kupanda.

Ofisini akasema yote. Alisema vizuri, bila kuficha: siku ya kwanza, namba zote kumi na mbili kwa kichwa, jinsi mkono ulivyopita katikati ya mabega. Afisa Kazi aliandika kila neno.

"Sasa kidole," akasema kwa sauti ndogo.

Dakika akashikilia mashine. Wifi akaanza na namba yake mwenyewe, ile ambayo ilikuwa halali tangu mwanzo. Akauma mdomo, akaweka.

Pii. Nyekundu. Hakuna mtu.

"Andika hewa kumi na wawili, afisa," akasema Mkurugenzi.

Hata Dakika alitazama chini.

Nesi ndiye aliyesogea. Akaushika ule mkono, akaugeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. "Hajaungua sana ndani," akasema kwa woga. "Hawa wengine wameliwa kwa miaka. Huyu ni mara moja. Ngozi itatoka na mpya itaota na mistari yake. Wiki sita, au saba. Ilimradi asiyaguse tena yale mafuta. Akiyagusa, basi."

Afisa Kazi akainua kichwa haraka. "Rufaa ni siku sitini! Nafunga uhakiki leo, lakini akiwa bado mfanyakazi wa hapa, na kidole kikasomwa ndani ya siku sitini, nafungua jalada hili kwa mkono wangu. Ahadi yangu iko pale pale."

Shangazi akasema alhamdulillahi. Mama Pacha alikuwa akimtazama Mkurugenzi, na aliona lile tabasamu linarudi.

"Ni haki kabisa," akasema Mkurugenzi. "Na mimi simfukuzi. Ila mkono wenye kidonda hauwezi kushika chakula cha kuuza. Hiyo si sheria yangu, ni ya watu wa afya. Kufungasha, hapana." Akafuta midomo kwa leso. "Nafasi iko kwenye ubanguaji. Aanze mchana huu. Asipotaka, atakuwa ameacha kazi mwenyewe."

Afisa Kazi alipekua. Alipekua mbele, akapekua nyuma, akarudi mbele. Wote walisikia karatasi zikilia. Mwishowe alilifunga jalada.

"Anaruhusiwa kumhamisha," akasema, na hakumtazama mtu yeyote. Alikusanya kalamu zake, akashuka ngazi polepole kama mgonjwa.

Dakika akatumwa stoo. Akarudi na nyundo ya mti, mpya, mpini haujashikwa na mtu. Akamnyooshea Wifi.

Wifi hakuipokea. Akamgeukia Mama Pacha.

"Ulisema nikuazime kidole, nikakuazima," akasema. "Ukasema kisisomwe, hakisomwi. Sasa niambie na hili, wifi. Nishike au nisishike?"

Wanawake wote wakamwangalia Mama Pacha. Wifi asiposhika, si mfanyakazi tena, na rufaa imekufa leo hii. Akishika, baada ya wiki moja pale benchini hakuna ngozi itakayoota. Kila aliyekuwa mle ndani alilijua hilo, na Mkurugenzi alilijua kuliko wote.

"Shika," akasema Mama Pacha. Kisha akamsogelea, akamwekea mdomo sikioni. "Shika kwa kushoto, ukae karibu yangu, usiguse hata korosho moja. Ndoo zako nitakubangulia mimi. Siku sitini zote."

Hakuna mbanguaji, tangu kiwanda kifunguliwe, aliyewahi kujaza ndoo za watu wawili hata kwa siku moja. Mama Pacha alilijua hilo pia.

Wifi akanyoosha mkono wa kushoto, akaipokea nyundo. Na Dakika, aliyekuwa bado ameishikilia upande wa pili, karibu nao kiasi cha kusikia wanavyopumua, alikuwa amelisikia kila neno.